Walioitwa ni Wengi, Waliofika ni Wangapi?

Kila mwezi wa Januari, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, nchi hii hugeuka uwanja wa ngoma. Walimu wakuu hubebwa mabegani, akina mama hupiga vigelegele, na magazeti hujaa picha za watahiniwa waliopata alama ya A wakiwa wamezungukwa na jamaa na majirani. Hakuna mwenye haki ya kuwanyima watu furaha hiyo, kwani mwana akifaulu ukoo mzima umefaulu. Hata hivyo, ngoma ile inapokwisha na vumbi kutua, huja kipindi kirefu cha kimya, tangu Februari hadi Agosti au Septemba, ambacho hakina mpiga picha wala mwandishi. Ni katika kimya hicho ambapo watoto wa mashambani hupotea njiani baina ya shule walizohitimu na vyuo walivyoitwa, na hakuna anayewahesabu.

Ningependa tukitazame kimya hicho tukiwa tumesimama Karurumo, soko dogo la upande wa Kyeni, katika eneobunge la Runyenjes, Kaunti ya Embu. Nimepachagua mahali hapa kwa makusudi. Si jangwa wala si mpakani. Watu wake hulima kahawa, mahindi, maharagwe na ndizi, hufuga ng'ombe wa maziwa, na huthamini elimu kiasi cha kuuza kipande cha shamba ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa karo. Shule zipo, makanisa yapo, na simu ya mkononi imeingia karibu kila boma. Ikiwa mtoto wa hapa hufika chuoni kwa tabu, sembuse yule wa Tharaka au Turkana?

Wazee wa Embu wanakumbuka enzi ambapo chuo kikuu kilikuwa safari ya kuvuka mpaka. Marehemu Jeremiah Nyagah, mwalimu aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1958 na ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Elimu, alisomea Makerere, Uganda, kama walivyofanya wenzake wengi wa kizazi kile. Wengine walipanda ndege kuelekea Marekani kati ya 1959 na miaka ya mwanzo ya sitini, katika mpango uliosimamiwa na Tom Mboya, huku vijiji vikichanga nauli kwa sahani ya chai na mnada wa kuku. Chuo Kikuu cha Nairobi hakikusimama peke yake kama chuo kikuu kamili hadi mwaka wa 1970. Kile cha Moi kilifuata mwaka wa 1984 baada ya ripoti ya Mackay ya mwaka wa 1981, na kwa muda mrefu neno "chuo kikuu" lilimaanisha jambo la mbali, la watu wachache mno.

Leo mambo yamegeuka. Pale palipokuwa chuo cha mafunzo ya maafisa wa kilimo, mjini Embu, pana Chuo Kikuu cha Embu kilichopewa hati yake mwaka wa 2016. Upande wa pili wa barabara iendayo Meru kuna Chuo Kikuu cha Chuka, kilichopata hati mwaka wa 2013, na mbele zaidi kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, cha mwaka huohuo. Kigari pana chuo cha walimu chenye historia ndefu. Mtoto wa Karurumo anaweza kuyaona mabasi ya wanafunzi wa vyuo vikuu yakipita kila mwanzo wa muhula. Kwa hiyo mtu angedhani kwamba tatizo la umbali limekwisha, na kwamba aliyebaki nyumbani amebaki kwa uvivu wake.

Dhana hiyo ni ya kupotosha, kwa sababu majengo kuwa karibu si sawa na nafasi kuwa karibu. Nafasi za wanaofadhiliwa na serikali hugawanywa kitaifa. Zamani zilikuwa mikononi mwa Bodi ya Pamoja ya Usajili, iliyoundwa na vyuo vikuu vyenyewe. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012 ilipoanza kutekelezwa, jukumu hilo likahamia kwa shirika la KUCCPS, ambalo humpangia mtahiniwa kozi kulingana na chaguo lake na pointi za masomo yanayohitajika katika kozi hiyo. Ndiyo maana msichana wa Karurumo anaweza kujikuta ameitwa Kilifi au Kisii, naye kijana wa Nairobi akaletwa Embu. Binafsi naona mpango huo una faida kubwa. Nchi yenye makabila mengi kama yetu inahitaji vijana wake wachanganyike kabla hawajawa mabwana na mabibi wa ofisi. Lakini gharama ya uzalendo huo haiwaangukii wote sawasawa. Kwa mzazi mwenye mshahara, kumpeleka mtoto Kilifi ni safari. Kwa mkulima mwenye nusu ekari ya kahawa, ni mradi wa mwaka mzima.

Hebu tumchukue msichana mmoja, wa kubuni, lakini ambaye kila mwalimu anayesoma makala haya atamtambua. Amesoma shule ya kutwa, akitembea asubuhi na jioni, akiteka maji akirudi nyumbani na kusoma kwa taa ya sola usiku. Amepata B ya kutoa. Kijiji kimefurahi, mchungaji amemwombea kanisani, na chifu amemtaja barazani. Baada ya hapo kila mtu amerudi shambani mwake. Kuanzia siku hiyo anatarajiwa kufanya peke yake, au akisaidiwa na mama ambaye hajapata kuona fomu ya chuo, mambo ambayo mtoto wa mjini hufanyiwa na baba mwenye kompyuta mezani.

Ataingia katika mtandao wa KUCCPS, achague kozi, na kulipa ada ya maombi. Hana kompyuta, basi atakwenda duka la saiba. Mwenye duka ni kijana mwema lakini ana foleni, na hulipwa kwa idadi ya wateja aliowahudumia. Si kazi yake kueleza tofauti ya kozi mbili zenye majina yanayofanana. Neno la siri huandikwa nyuma ya risiti, risiti hupotea, na barua pepe inayotumika ni ya mwenye duka. Miezi miwili baadaye, dirisha la kubadilisha kozi linapofunguliwa, msichana wetu hana habari, kwa maana ujumbe umetumwa kwenye sanduku ambalo si lake. Wasomaji walio walimu wanajua kwamba sitii chumvi.

Baadaye huja fedha, na hapa ni lazima tutulie kidogo, kwani ndipo penye kina kirefu zaidi.

Chini ya utaratibu wa ufadhili ulioanzishwa mwaka wa 2023, serikali iliacha kutuma kiasi kimoja kwa kila mwanafunzi na badala yake ikaamua kumpima kila mmoja kwa hali ya nyumbani kwao. Wanafunzi waliwekwa katika ngazi, ambazo baadaye zilifikia 5. Walio katika ngazi ya kwanza, yaani wenye uhitaji mkubwa zaidi, walipangiwa msaada usiorudishwa wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa asilimia 25, na familia ikaachiwa asilimia 5. Walio katika ngazi ya tatu familia zao ziliachiwa asilimia 20, na wale wa ngazi ya tano asilimia 40. Kwa kozi iliyokadiriwa kugharimu shilingi 200,000 kwa mwaka, hiyo ni tofauti ya shilingi 10,000, shilingi 40,000 na shilingi 80,000. Mwezi Desemba mwaka wa 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango huo ulikiuka Katiba, na shauri likapelekwa Mahakama ya Rufaa. Sina nia ya kuingilia kazi ya majaji. Ninalotaka kusema ni kwamba wazo la kumpima mtu kwa uwezo wake si baya. Ubaya umo katika mizani.

Mizani yenyewe ni fomu. Inauliza mapato ya wazazi, karo iliyolipwa katika shule ya upili, idadi ya ndugu walio shuleni, na hali ya baba na mama. Mwenye mshahara ana hati ya kuonyesha. Mkulima wa kahawa ataonyesha nini? Malipo ya kahawa hayaji kila mwezi. Huja kwa msimu kupitia chama cha ushirika, na mara nyingi huwa yamekwisha kukatwa madeni ya mbolea na dawa kabla hayajafika mfukoni. Mwaka mmoja ni neema, mwaka unaofuata ni vumbi. Akiandika mapato ya mwaka wa neema ataonekana tajiri. Akiandika sifuri ataonekana mwongo. Kisha kuna yatima anayetakiwa kuonyesha cheti cha kifo cha baba yake, ilhali mzee yule alizikwa nyumbani kwa kibali cha mazishi tu na hakuna aliyewahi kufunga safari kwenda kwa msajili kutafuta cheti chenyewe. Kuna pia mama aliyelea peke yake, ambaye fomu inamwuliza kitambulisho cha mwanamume ambaye hajaonekana kwa miaka 18. Maswali haya yana majibu, na yana taratibu zake za kuyashughulikia, lakini taratibu hizo zinahitaji mtu anayezijua na muda wa kutosha.

Isitoshe, wazazi wengi hudhani kwamba barua ya kuitwa chuoni huja pamoja na fedha. Haiji nazo. Kupangiwa chuo ni jambo moja, na kuomba ufadhili na mkopo ni jambo jingine, linalofanywa katika mtandao mwingine na kwa tarehe nyingine. Katika mwaka wa kwanza wa utaratibu huo, siku ya mwisho ya kutuma maombi ilibidi iongezwe kwa sababu wengi walikuwa hawajaomba. Sidhani kwamba hao walikuwa watoto wa Nairobi.

Lipo pia suala la basari. Kila eneobunge lina hazina yake ya maendeleo tangu mwaka wa 2003, na sehemu ya fedha hizo huwasaidia wanafunzi. Zimewasomesha wengi, na anayezibeza hajui hali ya vijijini. Lakini hebu tazama jinsi zinavyotolewa. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, wala si la mwanafunzi, na fomu hutakiwa kupigwa muhuri na chuo kuthibitisha kwamba mwombaji ni mwanafunzi wake. Ni utaratibu wa busara wa kuzuia wizi. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba basari humsaidia yule ambaye tayari amefika. Haimlipii nauli ya basi kutoka Embu hadi Kilifi, wala kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya chumba. Haimnunulii godoro, sufuria na jiko, wala haimlishi wiki zile za mwanzo kabla ya mkopo wa matumizi kuingia katika akaunti. Mkopo huo, kama ajuavyo kila aliyepitia chuo, huja kwa mwendo wa kobe. Kwa maneno mengine, tumejenga daraja zuri lililoanzia katikati ya mto.

Mtu anaweza kuuliza: je, si wanafunzi wa zamani walikuwa maskini zaidi? Ndiyo, lakini chuo kiliwapokea kwa namna nyingine. Hadi mwishoni mwa miaka ya themanini, mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma alikuta kitanda, chakula na posho. Mnamo mwaka wa 1991 na 1992 mambo yalibadilika. Ada ikaanza kutozwa, na ukumbi wa kulia ukawa wa kununua kila sahani. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995 ili kuziba pengo hilo. Tangu hapo, umaskini ambao zamani uliishia langoni pa chuo ulianza kuingia hadi bwenini, na baadaye ukakosa hata bweni la kuingia.

Kuna jambo jingine linaloamua hatima ya mtoto kabla hata fedha hazijatajwa, nalo ni masomo anayofundishwa. Mtu hawezi kusomea uhandisi bila fizikia. Katika shule ndogo za kutwa zenye mkondo mmoja na walimu wachache, fizikia huwa ya kwanza kuachwa. Wanafunzi huelekezwa kwenye kemia na biolojia wakiingia kidato cha tatu, si kwa kuwa hawana akili ya fizikia, bali kwa kuwa hakuna mwalimu, au maabara ni chumba kimoja chenye meza na mizani iliyovunjika. Kijana mwenye kipaji cha mitambo, anayetengeneza redio za kijiji kizima, anafungiwa mlango wa uhandisi akiwa na miaka 16 na hajui kwamba umefungwa. Atagundua miaka miwili baadaye, akiwa katika duka la saiba.

Hatari hii inakaribia kusogea nyuma zaidi. Mtihani wa mwisho wa KCSE katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, umepangwa kufanywa mwaka wa 2027. Katika mfumo mpya wa umilisi, mwanafunzi wa Gredi ya 9 huchagua mojawapo ya njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mtoto wa miaka 14 au 15 anaombwa achague mlango wa chuo. Shule ambayo haina mwalimu wa fizikia haitampata kwa sababu jina la mfumo limebadilika. Ninawasihi walimu wa sekondari za chini wasiichukue siku ile ya kuchagua kama siku ya kujaza karatasi tu.

Nimesema hadi hapa kana kwamba chuo ni chuo kikuu tu. Hilo ni kosa la nchi nzima, na linawadhuru watoto wa mashambani kuliko wengine. Katika KCSE ya mwaka wa 2024 watahiniwa 962,512 walifanya mtihani, na 246,391 wakapata C+ au zaidi, alama inayohitajika kujiunga na shahada. Idadi hiyo ni kubwa ukiilinganisha na ile ya 2016, mwaka wa udhibiti mkali, ambapo ni 88,929 tu waliofika hapo. Lakini ondoa 246,391 kutoka 962,512 uone wanaobaki. Ni zaidi ya laki saba. Je, hawa ni makapi?

Kwa hakika hawana haki ya kuitwa hivyo, kwani mlango wao upo. C- inatosha kwa stashahada katika vyuo vya ufundi, D kwa cheti, na kwa mafunzo ya fundi wa kiwango cha chini hata mwenye E anapokelewa. Karurumo penyewe pana chuo cha ufundi cha vijana, na vyuo vya namna hiyo vina asili ya heshima. Mwaka wa 1966 Baraza la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza swali moja la wazi: baada ya shule, nini? Walioiandika waliona maelfu ya watoto waliomaliza darasa la saba wakirudi nyumbani bila kazi wala nafasi ya sekondari, wakapendekeza vyuo vidogo vya ufundi vijijini, vitakavyofundisha useremala, uashi, ushonaji na ufundi mwingine unaohitajika pale pale kijijini. Vilianza vichache kabla ya muongo huo kwisha, kisha vikaenea nchi nzima. Katiba ya mwaka wa 2010 iliviweka, katika Jedwali la Nne, chini ya serikali za kaunti.

Nini kilichoviangusha machoni pa watu? Sisi wenyewe tulioshika chaki tuna sehemu yetu. Ni mara ngapi mwalimu amemtisha mwanafunzi mzembe kwa kumwambia kwamba ataishia katika chuo cha ufundi? Tumekitumia kama fimbo, kisha tukashangaa kwamba mtoto hataki kuishika. Kijana aliyepata D huona afadhali akae miaka miwili akichuma kahawa ya baba yake, au avuke kwenda Mbeere kuchuma muguka kwa malipo ya siku, kuliko aonekane akiingia lango lile na sare ya buluu. Ilhali hatuna fundi umeme wa kutosha, na nyumba za mawe zinazojengwa na wenye pesa Runyenjes na Embu huletewa mafundi kutoka mbali.

Basi, nani afanye nini? Serikali ina wajibu wake, na sitauficha: iwape wanafunzi wa mwaka wa kwanza fedha za kuwasili kabla ya siku ya kufungua, hata kama ni kidogo, na iwapeleke maafisa wa mikopo katika makao ya wadi, si mjini Embu pekee. Lakini nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba mtoto anayefungua chuo Agosti hawezi kungoja sera ya mwaka ujao. Lipo la kufanywa na walio karibu naye.

Watu wa eneo hili la Mlima Kenya si wageni wa kujichangia vyuo. Mwaka wa 1972 wananchi wa Nyeri walianza kuchanga ili kujenga taasisi ya ufundi iliyopewa jina la Kimathi, ambayo leo ni chuo kikuu kamili. Tumezoea kuchangia kuta. Sasa kuta zipo, na kinachokosekana ni nauli na godoro. Chama cha ushirika cha kahawa kinachoweza kumkopesha mwanachama mbolea kwa dhamana ya mavuno yajayo kinaweza pia kumkopesha fedha za kumfikisha mtoto chuoni kwa dhamana hiyohiyo. Kanisa linalofanya harambee ya paa linaweza kutenga Jumapili moja ya Agosti kwa wanaosafiri, na fedha wakapewa mkononi, kwa sababu basi halikubali hundi iliyoandikwa kwa jina la chuo.

Kwa walimu nina ombi zito zaidi. Shule zetu hujipima kwa wastani wa alama na idadi ya waliofikisha C+. Mwalimu mkuu husifiwa au kuhamishwa kwa hesabu hiyo. Sijapata kuona ubao langoni pa shule unaoonyesha ni wangapi kati ya wale waliohitimu mwaka jana walioripoti chuoni, na ni wangapi kati yao waliorudi kwa muhula wa pili. Hesabu hiyo ingetuaibisha, na labda ndiyo maana hatuifanyi. Mwalimu mshauri akiwaita wahitimu wake warudi shuleni kwa siku mbili tu, moja wakati wa kuchagua kozi na nyingine wakati wa kuomba ufadhili, akafungua kompyuta za shule, akahakikisha kila mmoja ana barua pepe yake mwenyewe na neno la siri analolikumbuka, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko mazoezi mengi ya Jumamosi. Wale waliotangulia vyuoni, wakiwa likizoni, wanaweza kumsaidia. Wao ndio wanaojua mitego ya fomu, kwa sababu ilikwisha kuwanasa.

Nanyi wanafunzi, yafaa mjue jambo ambalo wazazi wenu huenda hawajalisikia. Anayekosa fedha mwezi wa Agosti halazimiki kuitupa barua. Vyuo vikuu huruhusu mwanafunzi mpya kuahirisha kuanza masomo akiomba kwa maandishi mapema, na KUCCPS huwa na kipindi cha kuomba uhamisho kutoka chuo kimoja hadi kingine kwa aliyepangiwa mbali. Anayedhani amewekwa katika ngazi isiyo yake ana haki ya kukata rufaa. Mwenye kunyamaza huhesabiwa kuwa amekataa nafasi, na nafasi hiyo haimngojei.

Wapo watakaosema kwamba walimu wana mzigo wa kutosha, na kwamba mwanafunzi akishahitimu si wa shule tena. Nawaelewa. Darasa la wanafunzi 60 si mchezo, na mshahara hauongezwi kwa kumfuata mtu aliyekwisha ondoka. Lakini shule ambayo huimba jina la mtoto Januari na kusahau uso wake Mei imemtumia kama pambo. Tena kazi ninayoipendekeza haihitaji kamati wala fedha za wizara. Daftari la kawaida, lile la kurasa 200 linalouzwa katika kila duka la soko la Karurumo, latosha kuanzia: jina la mhitimu katika safu ya kwanza, chuo alichoitwa katika ya pili, tarehe ya kuripoti katika ya tatu, na safu ya nne iachwe wazi hadi mwisho wa Septemba, mwalimu atakapopiga simu kuuliza kama amefika.